Fundo la Mama Huguette

Wasikilizaji wapendwa, leo muziki utasubiri kidogo. Mama Huguette ametutoka. Mama Huguette wa mtaa wa Point, yule aliyekuwa akifunga hereni za kina dada wa Durban kwa vipande vya kitenge, alifariki Jumanne ya wiki iliyopita. Presha ilipanda ghafla. Mimi nimeumia, siwafichi.

Kwao Bukavu, mama hufunga vitu vyake vya thamani kwenye pembe ya kitenge. Huguette alipofika hapa akakuta hereni nzuri zinauzwa ndani ya vimfuko vya plastiki, roho ikamuuma. Akaomba mabaki ya vitambaa kwa mafundi cherehani. Akakata boksi gumu kwa umbo la jani, akachomeka hereni juu yake, akazungushia kitenge, akapiga fundo moja. Hakutumia gundi wala pini. Fundo lake lilifunguliwa kwa vidole tu.

Kulthumu, Mtanzania mwenye duka la urembo kule Berea, ndiye aliyekuwa akimuuzia kazi zake. Anakumbuka: "Watu walikuwa wananunua fundo, hereni nyongeza! Siku moja mteja akaomba mkasi akate. Huguette akauchukua mkasi wangu, akautia mkobani, akaondoka nao. Mpaka leo sijauona."

Ndivyo alivyokuwa, mkali kwa kazi yake. Alisema ukikata, unapata hereni tu. Ukifungua taratibu, unapata na mkono wa aliyekufungia.

Wasikilizaji wapendwa, binti yake wa pekee, Julienne, alikuwa aolewe Jumamosi iliyopita. Jumamosi hiyohiyo tukamzika mama yake. Na mama alikuwa ameshamfungia hereni za harusi, kwenye kitenge cha bluu. Lilikuwa fundo lake la mwisho.

Asubuhi ya mazishi, Julienne alilishika mkononi, akagoma kulifungua.

"Nikifungua, nani atanifungia tena kama mama?"

Yvette, mdogo wa marehemu, akamkalia karibu. "Fungua, chérie. Mama yako hakufungaka vitu ili vibaki mu kabati."

Akaanza kufungua. Fundo likakataa, gari la kanisa linaunguruma nje. Hakuna aliyemharakisha. Mwisho likaachia. Julienne akavaa hereni zake za harusi, akaenda kumzika mama yake.

Jioni, Yvette akiweka nyumba sawa, akakiona kile kitenge kimekunjamana, akakitandika mezani akinyooshe kwa pasi. Julienne akapiga kelele: "Tantine, hapana! Usipige pasi. Mikunjo ya mama ingali iko!"

Pole sana, Julienne. Pole, Yvette. Poleni nyote mliomzoea pale Point. Mungu amlaze mama yetu mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako kuna kitu kilichofungwa na mkono wa mama, leo kishike. Kifungue polepole. Mkasi usiutafute, Huguette ameondoka nao.