Bi Pindo na Swali Lililomshinda Mbele ya Mkwe

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama uko jikoni, punguza moto usogee karibu. Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyeshona sare za shule tangu ujana wake. Wateja walimwita Bi Pindo. Bi Pindo ametutoka wiki hii, kwa maradhi ya moyo, nyumbani kwa bintiye.

Bi Pindo aliipenda kazi kupita kiasi. Shule zikikaribia kufunguliwa, hainuki kitini. Maji hanywi, asije akalazimika kwenda msalani. Asubuhi chai na mkate mweupe, mchana chai na mkate mweupe. Haja ikimjia, anaibana. “Ngoja nimalize kola hii,” anasema. Kola haziishi, wasikilizaji wapendwa. Mwishowe haja nayo ikachoka kubisha hodi.

Siku moja tumbo likawa gumu kama ngoma. Akajikunja juu ya cherehani, jasho linamtiririka. Mkwewe, dereva wa malori aliyekuwa ndiyo kwanza amemwoa bintiye, akamkimbiza hospitali.

“Mama, mara ya mwisho kupata choo ni lini?” daktari akauliza.

Bi Pindo akatazama dari. Ataje choo mbele ya mkwe? Bora ardhi ipasuke immeze!

“Ni tumbo tu, daktari. Na kichwa kidogo.”

Daktari akarudia swali. Bi Pindo akarudia kichwa. Daktari akaanza kutaja upasuaji.

Mkwe akakohoa. “Mama, lori nimeliegesha vibaya. Acha nikaliangalie.”

Lori halikuwepo. Walikuja kwa teksi.

Mlango ulipofungwa, Bi Pindo akafungua kinywa: “Hata sikumbuki, mwanangu.”

Wakampiga bomba la maji la kusafisha tumbo, wakampa dawa ya kulainisha choo, akapona bila kisu. Daktari akamweleza kilichomfungia choo: maji kidogo, chakula kisicho na nyuzinyuzi, kukaa kutwa nzima, na kubana haja. Hasa kubana haja.

Akabadilika. Jagi la maji likakaa pembeni ya cherehani. Maharage, mboga za majani na papai vikaingia mezani. Mchana alizunguka mtaa mzima kwa miguu. Kila asubuhi baada ya chai alikwenda msalani, miguu juu ya kistuli, bila haraka.

Aibu nayo ikamtoka, tena ikapitiliza. Bintiye anacheka huku akifuta machozi: “Kwenye harusi ya jirani, mama alimuuliza bwana harusi kama amepata choo. Mbele ya kamera!”

Mwaka huu moyo ulidhoofika, miguu ikaishiwa nguvu. Mkwe akaacha safari. Kila asubuhi alimshika mkono hadi msalani.

“Nilikaa nje ya mlango nikimsimulia habari za barabarani,” anasema mkwe. “Asubuhi ya mwisho nikanyamaza kidogo. Akaita, ‘Baba, mbona kimya? Endelea.’ Nikaendelea.”

Jioni ile Bi Pindo akafumba macho.

Tunampa pole bintiye. Tunampa pole mkwe, aliyekuwa mwana kuliko mkwe. Pole kwa wote waliovaa sare za mkono wake.

Nawe unayetusikiliza, nyumbani kwako ni nani anaumia kimya kwa sababu mnaheshimiana mno? Muulize leo, kwa upole. Ukiona damu chooni, au tumbo limevimba na kuuma, usione haya, nenda hospitali. Na kama haja inakuita sasa hivi, nenda zako. Bi Pindo asingekasirika ukituacha hewani.