Shemeji Testa na Waya wa Lori la Jeshi

Ndugu waombolezaji, wakwe zetu, majirani, na ninyi mafundi mliofunga karakana ili mje, mimi ninayesimama hapa ni mjane wa mdogo wake marehemu, na kazi hii nilipewa na marehemu mwenyewe akiwa kitandani, akisema wengine wangempamba, na mimi sijui kupamba.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Testa kwa sababu ya kile kitaa cha kupimia umeme ambacho hakikutoka mfukoni mwa shati lake hata siku ya harusi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mlinzi wa ghala na mshona nguo. Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza mwaka 1966, na walimu wake walimkumbuka zaidi kwa kuunguza fyuzi ya ofisi ya mwalimu mkuu kuliko kwa hesabu, kisha akaingia chuo cha ufundi mwaka 1968, akatoka na cheti cha umeme wa magari mwaka 1970.

Tarehe 11 Januari 1971 aliajiriwa katika karakana ya jeshi akiwa fundi raia, akahudumia malori ya magurudumu sita yaliyokuwa ya zamani hata wakati ule, yenye betri mbili na nyaya zilizovikwa kitambaa, kila waya na kibati chake cha namba. Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975 na dada yetu aliyeketi hapa, wakajaliwa mabinti watatu, ambao wote aliwafundisha kubadilisha balbu kabla ya kuwafundisha kufunga viatu, jambo ambalo mama yao alililalamikia miaka yote.

Mwaka 1985 jeshi lilipouza malori machakavu kwa mnada, mume wangu alinunua moja ili abebe mchanga na mawe, na kaka yake akamfungia upya taa za mbele. Siku ile kulikuwa na mzigo unasubiri, na mume wangu hakuwa mtu wa kusubiri, akawa anapiga honi na mwenzake bado kichwa kiko chini ya dashibodi, hivyo shemeji akausokota waya pale ulipounganika, akauzungushia tepu, akaahidi kurudi Jumamosi kuulehemu.

Tarehe 17 Agosti 1989, asubuhi yenye ukungu, mume wangu alikuwa akishuka mlima na lori hilo, na dereva wa lori la mbao aliyekuwa akipanda alisema hakuona taa yoyote mbele yake. Waligongana, na mume wangu tulimzika kesho yake. Shemeji hakulia, lakini tangu hapo, nje ya kazi ya mwajiri wake, hakugusa gari la mtu, kwa sababu kila akijaribu kukumbuka kama Jumamosi ile alirudi au hakurudi, alishindwa.

Lori lilikokotwa hadi nyuma ya nyumba ya mama mkwe, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Mei 2011, akiwa amestaafu, shemeji alikuja na sanduku lake la vifaa, akaanza kufufua umeme wote wa lori ambalo injini yake ilikuwa imekufa zamani, nasi tukasema mzee kachanganyikiwa. Alifungua soketi mojamoja, akasugua kwa msasa kila mahali waya unapogusa bodi, akabadilisha nyaya zilizogugunwa na panya, akavirudisha vibati vya namba kila kimoja mahali pake, na dashibodi akaiacha ya mwisho. Nilimwuliza anaogopa nini humo, akainama kusugua tena soketi aliyokwisha kuisugua.

Tarehe 3 Oktoba 2011 aliifungua, akaja jikoni kwangu, akaweka mezani kipande cha waya, shaba imesokotwa tu chini ya tepu kuukuu, imeoza na kukatika, bila hata tone la risasi ya kulehemu. Akaniambia, sikurudi. Nikamwambia, shemeji, mwenye haraka alikuwa ndugu yako, honi ile mtaa mzima uliisikia, naye akasema mwenye gari siku zote ana haraka, kazi ya fundi ni kumkatalia. Sitawadanganya hapa mbele ya jeneza, nilikasirika, na mwezi mzima salamu yake sikuiitikia. Yeye akaulehemu waya, akamaliza kazi, akawasha taa za lori mchana kweupe, akazitazama peke yake, akazizima.

Mwanangu wa mwisho, ambaye baba yake alimwacha akiwa mgongoni mwangu, alinunua lori lake mwaka 2013, nikamwambia kabla halijabeba mzigo alipeleke kwa baba yake mkubwa alifunge taa. Shemeji alikataa, akasema tutafute fundi mwingine. Nikaenda mwenyewe, nikafudikiza ndoo, nikaketi, nikamwambia siondoki, lehemu nikiona, na leo hakuna wa kukupigia honi. Alilehemu kila kiungo, machozi yakimtoka, akisingizia moshi.

Alianza kuugua figo Novemba 2021, akafariki hospitalini alfajiri ya tarehe 9 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, akiacha mabinti watatu na wajukuu saba. Aliagiza habari ya waya ule isomwe mbele ya mafundi vijana, isifichwe, nami nimeisoma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliokesha naye kwa zamu na kuvumilia ukali wake, pamoja na wenzake wa karakana mliolibeba jeneza.

Na wewe shemeji, mwanangu alipopata habari za msiba alikuwa mbali na mzigo, akageuza lori, akaendesha kwenye mvua na ukungu njia nzima, na yule pale ameketi mstari wa mbele, shati lake bado halijakauka. Mtoto amefika, shemeji, taa zako zimemfikisha. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.