Qi Yulian na Viatu Alivyoshonewa na Mama

Ndugu waombolezaji, mimi ni Qi Fulin, kaka wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na wale wa timu ya mkoa walioniletea maisha hayo yakiwa yameshaandikwa na kugongwa mhuri, wajue kwamba karatasi yao nimewashia jiko la chai mnayokunywa.

Mdogo wangu Yulian alizaliwa tarehe 4 Novemba 1977 hapa hapa Liushuwan, mkoani Qinghai, mtoto wa mwisho wa marehemu mzee Qi Dehai na mama yetu huyu aliyekaa kando ya jeneza, akaanza shule ya kijiji mwaka 1984, na mwezi Machi 1991 Kocha Lou, ambaye leo amejichagulia kiti cha mbele, alimwona njiani akitoka shule, akaipenda miguu yake, akamchukua kambi ya wanariadha wa mkoa huko Xining, na darasa likaishia hapo.

Kazi yake ilikuwa kutembea kwa mashindano, mchezo ambao mguu mmoja lazima uwe chini wakati wote, ukiinua yote miwili umekimbia, na waamuzi watatu wakikuona unatolewa kwa kadi nyekundu, na kwetu aliyetolewa hivyo haitwi aliyeshindwa, anaitwa mwizi. Alikuwa bingwa wa vijana wa mkoa mwaka 1995, na tarehe 14 Oktoba 2001, kwenye mashindano ya mikoa huko kusini, kocha alimwita pembeni, nami nipo nimeshika chupa yake ya maji, akamwambia, "Leo wewe ni chambo. Wavute mpaka wakate pumzi, ukitolewa potelea mbali, mpwa wangu atamalizia." Alitii, maana kwetu kocha ni baba, wapinzani wakakata pumzi, kadi tatu zikatoka, mpwa akavishwa dhahabu, na kocha akawaambia waandishi wa habari kwamba Yulian hana nidhamu.

Timu ikamtupa jongoo na mti wake. Akauza tiketi stendi ya mabasi ya wilaya, ambako abiria walimtania, "Mkimbiaji, basi likijaa si utatukimbiza mwenyewe?" naye akacheka nao, mimi sikucheka. Tarehe 2 Mei 2004 aliolewa na shemeji yetu Bao Chengde, fundi wa mabasi, wakajaliwa binti mmoja, Xiaohe, mwaka 2006.

Sindano za kutuliza maumivu alizochomwa kambini zilimharibia figo, tangu mwaka 2015 akawa mtu wa kusafishwa damu, na kocha alipopigiwa simu alijibu kwamba wanariadha wote huumwa, kwani mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliomba jambo moja tu, kocha aseme mbele ya watu kwamba alimtuma, akalingoja mpaka alipofariki tarehe 9 Machi 2019, saa nane mchana.

Juzi kocha alikuja na viatu vya mashindano, akitaka azikwe navyo na picha itoke gazetini. Mama alikuwa amemshonea viatu vya kitambaa vya safari ya mwisho, ila alivishona kwa kipimo cha yule mtoto aliyetoka nyumbani mwaka 1991, kwa sababu tangu hapo Yulian hakuvua soksi mbele yake, akizionea aibu kucha zilizong'oka, kwa hiyo havikuingia. Kocha akatusogezea vyake. Mama akachukua mkasi, akachana visigino vya viatu alivyoshona, akamwambia, "Miguu hii uliichukua mizima. Kuivalisha, nitaivalisha mimi."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliokanda unga tangu jana, na wenzake wa stendi mliofunga dirisha la tiketi ili mje, na timu ya mkoa siishukuru.

Kocha Lou, naona unainuka. Jeneza halijanyanyuliwa, nafasi bado ipo, ni maneno machache tu, "Mimi ndiye niliyemtuma," hata kwa sauti ndogo tutasikia. Kama ni mlango unaoutafuta, uko wazi, ila tembea taratibu, watu wote hapa wanakutazama miguu.

Yulian, mdogo wangu, umetembea vya kutosha. Mpaka kaburini huendi kwa miguu, tunakubeba sisi. Pumzika.