Kioo Husukumwa Mara Mbili

Benchi letu liko kati ya mlango wa kinyozi na meza ya fundi simu. Mimi naweka jiko na birika la kahawa ninayouza upande wa kivuli, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa hapo hupitia masikioni mwangu kwanza. Kinyozi tunamwita Wembe. Fundi simu ni Chaja. Wa tatu ni Mita, mstaafu aliyekuwa akisoma mita za umeme nyumba kwa nyumba, na hadi leo akiingia kwa mtu macho yake huenda ukutani kabla hajasalimia. Kwa kawaida hao watatu wakibishana hata maji yangu huyasikii yakichemka. Asubuhi hiyo walikuwa kimya. Mwalimu wa fizikia alikuja kunyolewa wakati binti yake Wembe ametumwa dukani, na alipoondoka alimwachia baba mtu maneno mazito. Sasa binti amerudi, yuko ndani anafagia nywele. Mwisho wa benchi amekaa mteja mgeni, anasubiri zamu yake.

— Hebu sema tena, — Chaja alianza. — Polepole, na usipaze sauti.

— Mwalimu alikuwepo kwenye usaili, — alisema Wembe. — Ule wa kutafuta wa kusomeshwa bure chuoni. Walimuuliza mtoto: mwanga ukiangukia kioo, na mwanga uleule ukiangukia bati jeusi, kipi kinasukumwa zaidi? Akajibu kioo. Mara mbili ya bati.

— Na ndivyo?

— Ndivyo. Wakamuuliza, una uhakika?

Wembe alizungusha kikombe, hakunywa.

— Akasema hapana. Akasema, nimekosea, ni bati jeusi. Baba yangu na wenzake walijaribu, wakaona kwa macho yao.

Sote tuligeuka kutazama dirisha la kinyozi, kana kwamba vile vifuniko bado vinaning'inia pale. Wiki ya usaili binti alikuwa akifanya maswali yake kwenye meza ya vitana, na alipofika kwenye msukumo wa mwanga, Mita akadai kitabu kimekosea. Basi ubishi ukawaka. Chaja akatafuta vifuniko viwili vya makopo ya dawa ya viatu. Kimoja akakisugua hadi kikang'aa, cha pili akakipaka masizi ya jiko langu. Akavifunga kwenye ncha mbili za kijiti na kukitundika kwa uzi dirishani penye jua. Kijiti kikazunguka, cheusi kikilikimbia jua. Wazee wazima wakapiga makofi. Binti akasema, kalamu mkononi, kwamba kwa hesabu yake jua la mchana kwenye kioo cha mita nzima halisukumi kuzidi uzito wa unywele mmoja mrefu, kwa hiyo kinachozungusha kijiti lazima ni kitu kingine. Wembe alicheka. Akamwambia, "Profesa, kitabu hakina macho."

— Mwalimu anasema kilikuwa nini basi? — aliuliza Mita.

— Hewa. Kile cheusi kilishika moto wa jua, kikapasha hewa ya mbele yake, hewa ikakisukuma. Mwanga wenyewe hata tusingeuona ukifanya kazi.

— Mimi hapo sikubali, — alisema Mita. — Nimesoma mita maisha yangu yote. Umeme ukipita nyumbani kwako bila kutumika, mita haisogei. Kioo kinarudisha mwanga wote, kimekula nini hadi kisukumwe? Cheusi ndicho kilichokula.

— Mzee, hatuzungumzii kula, — alisema Wembe. — Mwalimu ametoa mfano wa gunia. Nikikurushia gunia ukalidaka, unayumba nyuma. Ukilidaka halafu ukanirushia mimi, unayumba tena. Kioo kinadaka na kurusha.

— Gunia lina uzito. Mwanga una uzito gani?

— Hauna. Lakini umebeba nishati, na kinachobeba nishati kwa mbio zile hakikosi kusukuma. Chukua nishati inayoanguka kila sekunde, gawanya kwa kasi ya mwanga. Ikiwa unarudishwa, zidisha kwa mbili.

Chaja alimtazama kwa mshangao.

— Wewe umeyajulia wapi hayo?

— Mwanangu alinieleza. Nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi, nikawa naitikia tu, naam, naam. Kumbe yaliingia.

Nilimjazia kikombe ingawa hakuomba. Sikuwa na jingine la kumfanyia.

— Mimi nadhani kilichozungusha kijiti ni minara, — Chaja alisema. — Mawimbi ya simu na mwanga ni ukoo mmoja. Siku ile mtandao ulikuwa na nguvu ajabu, hata simu mbovu zilishika. Yakapiga kifuniko.

— Yakachagua cheusi? — nilimuuliza.

— Masizi yanavuta mawimbi, dada. Ni kama antena.

— Masizi ya jiko langu.

— Yoyote.

— Au jua lenyewe, — Mita alidakia. — Lilikuwa kali kupita kiasi. Jua la namna hiyo linageuza kanuni. Twende chuoni tukawaeleze kwamba jibu linategemea dirisha. Kwao kioo, kwetu bati. Watundike vifuniko mbele yetu waone.

— Tundikeni na vichwa vyenu, — nikasema. — Kimoja mkisugue, kingine mpake masizi.

Hawakucheka. Wembe aliweka kikombe chini.

— Jamani, acheni. Si jua wala si minara. Mtoto alikuwa na jibu, sisi tukamnyang'anya. Tena si sisi, ni mimi. Angewabishia nyinyi wote hadi kesho, lakini mimi hakunibishia. Mimi ni baba yake.

Ndani ufagio uliendelea, taratibu, kama wa mtu asiye na pa kwenda.

— Mwalimu hakufuata kunyolewa tu, — aliendelea Wembe. — Chuo kitafanya usaili mwingine. Anataka nimrudishe mtoto. Lakini mtoto mwenyewe vitabu amekwisha kuvipandisha juu ya kabati. Anasema hana kichwa cha fizikia, nimfundishe kunyoa. Nami nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe, kwamba nitakuwa naye hapa.

— Atabadilika, — alisema Chaja. — Watoto hukasirika, kisha yanapita.

— Hakukasirika. Ndiyo shida. Alirudi akaniambia, "Baba, nilijikanganya." Akanitayarishia maji ya kuoga. Hakutaja vifuniko hata mara moja.

Hapo yule mteja mgeni alikohoa. Tulikuwa tumemsahau.

— Samahanini wazee wangu. Mimi si wa hapa, na fizikia siijui. Huyo binti anajua kwamba jibu lake lilikuwa sahihi?

Mita alitazama ukuta, akatafuta mita isiyokuwepo. Chaja alichukua bisibisi, akaanza kufungua simu ambayo nilimwona akiifunga muda mfupi uliopita. Mwalimu alikuwa ameondoka kitambo, nasi tulikuwa tumekaa pale tukitafuta wa kulaumiwa, mlango uko hatua chache.

— Kahawa ipo? — Wembe aliniuliza, bila kuniangalia.

Niliinamisha birika ili aone mwenyewe. Yalitoka machicha ya kahawa tu.

Akageukia mlango.

— Profesa.

Ufagio ulisimama.

— Profesa, — aliita tena.

— Huyo hayupo, baba, — sauti ilijibu kutoka ndani, ya upole, bila kinyongo. — Nipo mimi tu. Kuna mteja?

Mteja mgeni alitikisa kichwa haraka, akaashiria kwa mkono kwamba hana haraka. Wembe alisimama. Alijipangusa viganja kwenye koti lake jeupe, akaingia, na mara hii akaurudisha mlango nyuma yake. Tukamsikia akivuta kiti, kisha akianza, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo:

— Mwanangu, kile kioo...

Akakwama hapo. Nilianza kukusanya vikombe, kimoja kimoja, nikijitahidi visigongane.