Kemia ya Jikoni

Ndani ya basi, fundi cherehani alitega sikio kiti cha mbele, ambako mpishi wa sekondari anayosoma bintiye alikuwa akimtambia mzee asiyemjua. "Hatuna maabara, baba. Kemia wanafanyia jikoni kwangu, na mwaka huu hakuna aliyefeli!"

"Hongera, mwanangu. Na chakula?"

"Siku ya majaribio tunachelewa kula. Mwakani tunajengewa maabara."

"Basi watafaulu zaidi."

"Thubutu! Huko nani atawauliza kwa nini magadi yanalainisha maharage?"

Fundi akacheka kimoyomoyo. Kumbe ndiyo maana bintiye siku hizi hapiki bila saa na daftari!

Basi likasimama. Mzee akashuka akibisha, na mpishi akamfuata akimjibu, ilhali shule iko vituo viwili mbele.