Kadidja na Kazi ya Siri

Mwaka ule wa uhuru Wabelgiji waliondoka Kisangani mbiombio, wakaacha ofisi za Makiso, katikati ya mji, bila makarani. Ndipo neno moja likaanza kumnyima raha Alfani Nassoro, fundi wa kushona wa mtaa wa Mangobo: secrétaire, yaani karani wa mkubwa wa ofisi. Mkewe Kadidja, mama wa binti yao Zaina, aliyejifunza kupiga mashine ya kuandika kwa masista, alikuwa ameitwa kwenye kazi hiyo, na jioni hiyo alingoja ruhusa ya mumewe. Alfani alilipeleka shauri kwenye benchi lililo mbele ya duka lake. Hapo Anselme, mvuvi wa maporomoko, aitwaye Redio, na Valère, tarishi wa zamani, aitwaye Dekreti, walikuwa wameshamaliza nusu ya birika la kahawa.

— Secrétaire inatoka kwa secret, akasema Dekreti. Siri! Bibi yako ataenda kushika siri ya mwanaume mwingine.

— Siri gani? akauliza Alfani.

— Kama ungeijua, ingekuwa siri?

Alfani akajimiminia kahawa.

— Iko hatari, akadakia Redio. Siri inajaa ndani ya tumbo, akili inachoka. Atasahau chumvi. Sombe itaungua.

— Sombe? akasema Dekreti. Utauliza: Mama Zaina, leo tunakula nini? Atakujibu: c'est un secret d'État, siri ya serikali!

— Na ile mashine inatumia karatasi ya karboni, mon vieux, akaongeza Redio. Akiizoea, atakuzalia mutoto moja original, na kopi mbili!

Alfani alicheka mpaka kahawa ikampanda puani, lakini moyoni alikuwa ameshasema hapana.

Kadidja akatokea, kitenge safi, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

— Bonsoir, ba-papa. Papa Zaina, niwajibu nini?

— Na nyumba, Mama Zaina?

— Nyumba ninashika, na kazi nitashika.

— Lakini ile ni kazi ya kushika siri. Mwanamuke hawezi.

Kadidja akahamishia viatu mkono wa pili.

— Bon. Siri yako gani nilishatoa inje?

Redio akasogea karibu.

— Alfani, uko na siri?

— Iko mingi? akauliza Dekreti.

Alfani akamtazama mkewe. Kadidja alikuwa anatabasamu, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu anayetafuta aanzie wapi.

— Ataenda! akapiga kelele Alfani. Kesho asubuhi! Mimi mwenyewe nitapiga pedali, nitamubeba na velo!

— Usikimbie, Mama Zaina, akasema Redio, akimpangusia nafasi kwenye benchi. Ikaa kwanza. Kunywa kahawa.