Meghalaya Kwenye Simu ya Nasibu

Benchi ni la chuma. Limefungwa kwa nati mbele ya duka la mashine za kufulia, Brooklyn Boulevard, mjini Brooklyn Park, Minnesota, ili wanaosubiri nguo zikauke wapate pa kukaa. Wenye nguo walishakata tamaa nalo. Siku hizi ni mali ya wazee wanne, kila mmoja huja na gari lake, huliegesha pua ikielekea benchi, na hushuka saa mbili na nusu asubuhi kama mtu anayeingia bungeni. Gitonga wanamwita Ramani, kwa sababu aliendesha malori miaka kumi na miwili na hakuna barabara duniani asiyodai kuijua. Melkiori ni Dokta Bado. Shahada yake ya uzamivu imebakiza sura moja tangu mwaka elfu mbili na tisa. Nasibu wa Tanga ni Balozi, mwenye chupa ya kahawa ya tangawizi na vikombe vya karatasi. Wa nne ni Zachariah, anayetunza walemavu katika nyumba moja kule New Hope, na jina lake ni Dabo, kwa kuwa hajawahi kuikataa shifti ya pili. Ilikuwa Aprili. Theluji ya mwisho ilikuwa imerundikwa kwenye kona ya maegesho, nyeusi kama masizi, na Dabo alikuwa amefika wa kwanza kwa siku ya tisa mfululizo.

Alifika wa kwanza kwa sababu alitaka kumwona mkewe.

Philister na mabinti zao wawili, Fiona na Velma, walikuwa India, wakilizunguka kwa gari jimbo la Meghalaya, ile pembe ya kaskazini mashariki ambayo watalii wengi hawaifikii. Fiona alikuwa amealikwa na nesi mwenzake, mzaliwa wa huko. Kila siku Philister aliweka picha kwenye status yake ya WhatsApp, na nusu ya Wakenya wa Brooklyn Park walikuwa wakiziona, kasoro mumewe. Siku ya kwanza Zachariah alidhani huko milimani hakuna mtandao. Siku ya pili Gitonga akamwonyesha, hapa hapa benchini, picha ya Velma akila nanasi kando ya barabara, ndipo akaelewa kwamba mtandao upo, ila yeye amefichwa. Hakumwambia mtu. Alipomtumia Philister ujumbe alijibiwa maneno mawili: Tuko salama. Picha za status hufutika baada ya saa ishirini na nne, basi kila asubuhi alitoka kazini na macho mekundu, akaja kuitazama familia yake kwenye simu za wanaume wengine, akijifanya ameshaitazama.

— Dabo, za leo umeziona? aliuliza Gitonga akikaa.

— Mapema sana.

— Basi ile ya daraja imekushinda, si ndiyo?

— Ile ya daraja, alisema Zachariah polepole, kama mtu anayepapasa ukutani akitafuta swichi. Ndiyo. Daraja zuri.

— Zuri? Buda, ile ni mizizi! Mizizi ya mti ulio hai! Wameivuta kutoka ng'ambo hii mpaka ile, miaka na miaka, mpaka watu wanapita juu. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Huu unavuka mto wenyewe, na hauna nyenzo.

— Na usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Dokta Bado kwa sauti ya darasani. Wale ufa hawakuuziba, ukuta hawakuujenga, wakaona bora daraja.

— Mzee Zachariah, nishikie simu nimimine kahawa, alisema Nasibu.

Simu ilikuwa imeshafunguliwa kwenye picha yenyewe. Zachariah aliipokea kwa mikono miwili. Philister alikuwa katikati ya daraja, viatu mkononi, mdomo wazi, anacheka. Nyumbani hucheka akiuziba kwa kiganja. Picha ya pili ilikuwa ya gari: dereva, wasichana nyuma na mama yao, na kwenye kiti cha mbele fenesi kubwa lililofungwa mkanda. Zachariah alilitazama fenesi hilo zaidi kuliko alivyowatazama watu. Kiti changu, aliwaza, na wamelifunga mkanda. Picha ya tatu ilimwonyesha bibi mmoja aliyesimama mlangoni amemshika Velma mkono, na chini Philister aliandika: "Huku nyumba hurithiwa na binti wa mwisho."

Nasibu alichukua muda mrefu sana kumimina vikombe vinne.

— Hiyo ya urithi ndiyo ufunguo wa safari yote, alisema Dokta Bado. Wakhasi hao, wenyeji wa huko, mwanamume akioa anahamia kwa kina mke. Watoto wanachukua ukoo wa mama. Kitinda mimba wa kike anaachiwa nyumba. Sasa jiulizeni, mwanamke mwenye akili zake anatoka Minnesota, anaacha kila ufukwe duniani, anakwenda huko kufanya nini?

— Ameenda kwa rafiki wa Fiona, alisema Zachariah.

— Hiyo ni sababu ya kumwambia ofisa wa viza, aisee. Ameenda kufanya utafiti.

— Wapi! alisema Gitonga. Mimi nimeifuata hiyo rodi yao kwenye ramani. Wameshuka Guwahati, wakapanda Shillong, wakateremka Sohra kwenye mvua, juzi walikuwa Dawki pale mto uko clear mpaka mashua inakaa kama inaelea hewani. Hawalali mahali siku tatu. Kwa nini? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanakwepa jembe. Huyo mama ana-test barabara. Mwaka ujao atafungua kampuni ya kupeleka watu, na sisi hapa tutalipishwa kama watalii. Dabo, si wewe umempangia?

— Mimi ndiye niliyewapangia, alisema Zachariah. Kituo kwa kituo.

— Haya, leo wanalala wapi?

— Leo... wanalala mbele kidogo.

Gitonga alimwangalia, kisha akaangalia pembeni.

— Mimi kinachonitisha ni tambuu, alisema Nasibu. Jana mliona? Wamekaribishwa tambuu na popoo. Bibi yangu Tanga alitafuna tambuu miaka sitini, alikuwa akituambia, ukikaribishwa popoo kwa mtu ukaitafuna mpaka mdomo ukawa mwekundu, wewe si mgeni tena. Umekuwa wa nyumba ile.

— Na mama alikuwa na mdomo mwekundu, alisema Dokta Bado. Ushahidi huo.

— Ushahidi wa nini, bwana wewe?

— Wa ujumbe rasmi! Hawa wametumwa. Kuna kamati ya akina mama wa Brooklyn Park, mimi nasikia mke wangu akiongea kwa simu chooni. Wanakwenda kuchukua ile sheria. Wakirudi, kila nyumba hapa inaandikwa jina la binti wa mwisho. Sisi tutaishi kwenye gereji. Halafu wataleta na miche ya ule mti, wataipanda ukingoni mwa Mississippi, waivute mizizi mpaka ng'ambo, tuwe tunavuka kwa miguu kwenda Fridley.

Gitonga alipaliwa. Kahawa ikamwagikia goti.

— Nani anataka kwenda Fridley? aliuliza Zachariah, na wote wakacheka, isipokuwa Gitonga aliyekuwa akijifuta kwa glavu.

Kicheko kilimpa Zachariah nguvu. Kwa siku tisa alikuwa akipewa picha tatu, nne, na leo aliona naye atoe kitu.

— Nyinyi mnacheka, mimi ndiye ninayeteseka. Hata mwiko wa ugali wamebeba! Na ile sufuria kubwa. Nimetafuta kila kabati. Nasonga kwa kijiko cha supu, ugali unatoka kama uji wa mgonjwa.

— Mwiko? Kwenda India?

— Na makoti ya baridi yote. Na mabuti.

— Huko milimani kuna baridi, alisema Gitonga haraka.

— Ndivyo nilivyosema mimi. Milimani kuna baridi. Lakini mwiko?

— Diplomasia! alisema Dokta Bado, akasimama kabisa. Wanabadilishana. Wao wanatupa mizizi, sisi tunawapa ugali. Si ni mkeo Wairimu aliyewasaidia kufunga mizigo, Ramani? Hakukwambia?

— Wairimu haniambii kitu, alisema Gitonga, akachungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba kimeandikwa.

Gari la kuzoa taka likapita.

— Mzee Zachariah, alisema Nasibu, na sauti yake haikuwa ya kijiweni. Hukutaka kwenda nao?

— Nani alisema sikutaka?

— Nauliza tu, kaka.

— Januari Mama Fiona alibandika karatasi kwenye friji. Tarehe za aina tatu. Akasema, Baba Fiona, chagua inayokufaa, sisi tutakufuata wewe. Nikamwambia asubiri ratiba ya kazi itoke.

— Ikatoka?

— Ilitoka.

— Ukachagua?

— Kuna watu wawili walikwenda likizo. Nikachukua shifti zao.

Dokta Bado, aliyekuwa bado amesimama, akakaa.

— Karatasi ilikaa pale mpaka Machi, alisema Zachariah. Siku moja nikafungua friji kuchukua maziwa, nikaona haipo. Nikadhani imeanguka.

Hapo ndipo van ya kijivu ilipoegeshwa kando ya magari yao. Alishuka mama mnene mchangamfu, kitenge juu ya koti, amekumbatia vitambaa vya viti vya gari. Hawakuwa wamemwona hapa kabla. Alisalimia benchi zima kwa mkupuo, kama watu wa Bukavu wanavyosalimia.

— Bababa, bonjour! Mimi Joyeuse. Mashine kubwa za hapa zinafanya kazi? Samedi niko na bateja ba kutoka airport, gari iko na harufu ya samaki.

— Zinafanya, mama, karibu, alisema Nasibu. Wageni kutoka wapi?

— India! Mama na mabinti yake wawili. Bakenya kama nyinyi. Mama Philister.

Zachariah aliinuka. Kahawa yake aliiacha chini, kando ya mguu wa benchi.

— Jumamosi?

— Samedi, saa kumi ya jioni. Unamujua?

— Mimi ndiye Baba Fiona.

— Ee Baba! Furaha! Joyeuse aliweka vitambaa benchini ili ampe mikono yote miwili. Binti yako anaongea vizuri! Njo yeye alipanga yote kwa simu.

Jumamosi. Zachariah alijikuta anacheka, na wenzake wakacheka kwa sababu yeye alicheka. Alihesabu: leo Jumatano. Alhamisi angefua mapazia ya nyumba yao, hapa hapa Brooklyn Park. Ijumaa angenunua mbuzi, sukuma na mwiko mpya. Akaitoa simu yake, ile isiyo na picha, na kwa kidole kilichokakamaa kwa baridi akamwandikia msimamizi wake kwamba Jumamosi hatafanya kazi, si shifti ya kwanza wala ya pili. Aliusoma ujumbe mara mbili, akautuma.

— Mmeona? aliwaambia. Mmeniita Dabo miaka mingapi? Leo nimekataa shifti.

— Historia imeandikwa, alisema Dokta Bado. Balozi, mwongeze kahawa!

— Dabo, alisema Gitonga. Dabo, hebu kaa kwanza.

— Nikae nini? Mama Joyeuse, usihangaike na van. Nitakwenda kuwapokea mwenyewe.

— Hapana, Baba, masanduku iko sita, gari yako ndogo. Twende sote, wewe utanisaidia kupandisha. Lakini niambie kitu moja, Fiona hakuniandikia, na mimi niko na mugongo mubaya. Alisema lift ya pale imekufa.

— Lifti ya wapi?

— Ya kwenu. Pale Fridley. Joyeuse alitoa simu, akaisogeza mbali na macho, akasoma anwani yote, namba ya jengo na jina la mtaa. Vitu bengine bilisha fika tangu mwezi uliopita, anasema, makoti, byombo ya jikoni. Sasa baki hii masanduku. Apartment yenu iko ghorofa ya ngapi, Baba?

Dokta Bado alimtazama Nasibu. Nasibu aligeuza chupa juu ya kikombe; likatoka tone moja, kisha hewa. Gitonga alikuwa ameinamisha kichwa, anakwangua doa la kahawa kwenye goti lake kwa ukucha.

— Baba? alisema Joyeuse. Ya pili ao ya tatu?

Simu ya Zachariah ikatetemeka mkononi. Ilikuwa ya msimamizi: Sawa, Zachariah. Jumamosi uko huru.